Jagi Lililonukia Marashi

Assalaam alaykum wenzangu. Na ninyi wa Bwana Yesu asifiwe, na asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu marahaba. Nimewaamkia wote kwa mkupuo mmoja ili asitoke mtu hapa akasema nimempita. Mambo ya kuamkiana, mtasikia mbele, mwaka huu yamenisumbua kuliko hata ugonjwa.

Mwenyekiti kaniambia niseme kidogo. Mwenyekiti ananijua, hajawahi kunisikia nikisema kidogo. Na hiki ni chama cha kuzikana, mimi ndiye niliyekuwa karibu kuzikwa, kwa hiyo mna haki ya kujua ilikuwaje. Nimesikia mlishaanza kuulizana nani ataosha. Msiangalie chini, nawaona.

Jambo moja kwanza. Katika maneno yangu yumo mtu aliyenifanyia ubaya. Jina lake sitalitaja. Nilimwomba ruhusa ya kulisema jambo lenyewe mbele yenu, siku ya tatu akasema, "Sema, ila usinitaje." Mkimjua, mmemjua wenyewe.

Kazi yangu mnaijua. Nimepika pilau za harusi za watoto wenu, na wengine hitima za wazee wenu. Sufuria zangu zinang'aa mpaka mtu anaweza kujipaka wanja akijiangalia humo. Hilo la usafi liwekeni kichwani, nitalirudia.

Ugonjwa ulianza kwa damu. Damu chooni. Najua wengine mnakunja uso kwa sababu wali uko jikoni unakuja, lakini nimeitwa niseme na nitasema. Mara ya kwanza nikajiambia ni bawasiri, ni kukaa sana juu ya mbuzi nikikuna nazi. Nikanunua dawa ya kupaka. Damu ikapungua, ikarudi. Miezi mitano nikawa naificha, nafua nguo zangu mwenyewe, naanika chumbani. Nikakonda. Watu wakanisifu! "Bi mpishi umependeza, unafanya mazoezi siku hizi?" Naitikia ndiyo, nafanya, huku moyo unanidunda.

Nilimwambia mtu mmoja tu, dada yangu. Dada wa baba mmoja mama mmoja, anakaa Kiwangwa, analima mananasi. Mama yetu alifariki mimi nina miaka minne, na siku zote nimeambiwa alikufa kwa homa. Dada alikuwa na kumi na miwili. Alinibeba mgongoni, alinisuka, alinipulizia uji upoe. Siku niliyoolewa nilimlilia yeye, baba nilimuaga tu. Kwa hiyo nikisema dada, mjue namsema nani katika maisha yangu.

Na nitasema kwa haki yake: yeye ndiye aliyenisukuma niende hospitali. "Acha kujipaka mafuta," alisema, "nenda ukaonwe." Nikaenda. Daktari wa hapa kwetu akanipima kwa kidole, mimi nikahesabu mbao za dari mpaka zikaisha, kisha akaniandikia nikapigwe picha Dar es Salaam. Ile mashine ya sitiskani, duara kubwa unapitishwa katikati umelala. Wanakutia hewa kwa mpira mdogo, utumbo mpana unatanuka, picha zinaonyesha kila kona. Lakini lazima utumbo uwe mtupu. "Mtupu kabisa mama," binti muuguzi wa huko aliniambia nilipokwenda kuandikishwa, "kama sufuria iliyosuguliwa." Nikamwambia, mwanangu, hapo umemfikia mwenyewe.

Akanipa karatasi na pakiti nne za unga. Siku tatu nile vitu laini, wali mweupe, yai, samaki wa kuchemsha. Maharage hapana, mchicha hapana, korosho hapana, nanasi hapana. Siku ya mwisho nisile kitu, ninywe tu maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu bila ile nyama yake. Chochote chenye rangi nyekundu nisiguse, kwa sababu kinaweza kuwachanganya. Ule unga kila pakiti lita moja ya maji, mbili alasiri, mbili alfajiri. "Itakuwa na chumvichumvi," alisema, "na itakukimbiza. Utaendelea mpaka kinachotoka kiwe maji matupu, kama mkojo. Isipokuwa hivyo, piga simu, namba hiyo chini."

Dada akaja kutoka Kiwangwa kuniuguza. Alikuja na mananasi sita, yakakaa mezani siku tatu yananukia na mimi nayatazama. Siku ya pili nilikuwa na pilau ya watu kule Makurunge. Nimepika sufuria nzima bila kuonja, nikaazima ulimi wa msaidizi wangu. Dada akanicheka sana. Nikamsomea ile karatasi jioni yake, neno kwa neno. Nilipofika pale pa maji matupu akaacha kucheka, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Haya. Dawa nitakoroga mimi. Mgonjwa hakorogi dawa yake." Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mgonjwa analala, mwenye mapenzi naye anakoroga. Nikampa pakiti zote nne mkononi.

Siku ya mwisho, baada ya kuswali alasiri, dada akaingia chumbani na jagi langu la lita mbili. Chumba chote kikanukia marashi. Maji yenyewe yalikuwa na umanjano fulani.

"Nini hii dada?"

"Nimemwendea mwalimu akuandikie kombe. Nimelitia humo humo kwenye dawa yako, upate shifaa mbili kwa pamoja."

Wenzetu wa kanisani, kombe ni aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Bibi zetu wamekunywa, na sisi tumenyweshwa. Mimi nilinyweshwa na dada huyu huyu, kila nilipopata degedege.

Nikauliza habari ya rangi. "Zafarani ni ya njano," alisema, "karatasi imekataza nyekundu." Nikanywa bilauri ya kwanza. Tamu. Nikamwambia, mbona haina chumvi, yule binti alisema ina chumvi? Akanijibu bila kupepesa: "Maandishi yameitoa ukali."

Nikasema alhamdulillah. Mnacheka? Ninyi mnaocheka nyote mngesema alhamdulillah. Ungekuwa wewe, dada yako aliyekulea amekuletea maneno ya Mungu kwenye jagi, ungemwambia ngoja kwanza nikaipime?

Yule binti alisema nitakimbia. Mimi nilitembea. Nilikwenda mara mbili jioni ile, na alfajiri baada ya jagi la pili mara moja, na kilichotoka hakikuwa maji matupu, tusidanganyane. Nikamuuliza dada. Alikuwa anakunja kanga, hakunitazama. "Miili haifanani," akasema. "Wewe umeshasafika kwa siku tatu za njaa." Namba ya simu ilikuwa pale pale chini ya karatasi na sikupiga. Hilo ni langu mimi, simtwishi mtu.

Tukaenda Dar. Wakanivalisha lile gauni lao lisilo na mgongo, wakanilaza, wakanitia hewa, tumbo likajaa. Mashine ikanguruma, nikapita, nikarudi, wakanigeuza kifudifudi, nikapita tena. Kisha mashine ikazimwa. Binti anayeendesha mashine akaja akasimama karibu yangu.

"Mama, ile dawa ulikunywa?"

"Nimekunywa."

"Yote?"

"Yote, majagi mawili."

"Mama, tuambiane ukweli tu, hakuna atakayekugombeza."

Daktari wa picha naye akatoka, mtu mzima, mpole. Akasema, "Humu ndani mna choo kingi, mama. Naona vivimbe, siwezi kujua kipi ni choo na kipi ni nyama. Hukujisafisha. Itabidi urudi." Foleni ya mashine ikanitupa wiki nne mbele.

Mimi! Mimi niambiwe sikujisafisha! Nimelala pale makalio wazi, nimekaa na njaa siku tatu, na watu wawili wenye elimu yao wananitazama kama mwongo. Nilitaka kuapa, lakini mtu anayeapa amelala kifudifudi anaonekana mwongo zaidi. Nikavaa. Dada alikuwa kwenye benchi la nje. Nikamwambia, nikalia. Na yeye akalia, akanikumbatia, akasema, "Si riziki yako, mdogo wangu. Tuwaache na mashine zao." Kesho yake akarudi Kiwangwa.

Ndugu zangu, nawaambia, kumbatio lile nililikumbuka baadaye nikataka kulitapika.

Siku kumi na mbili zikapita. Damu ikaongezeka. Nikapata kazi ya harusi, nikamwambia msaidizi wangu tuishushe ile sufuria yangu kubwa kutoka uchagani, ile ninayoitumia kwa shughuli kubwa tu. Ndani kulikuwa na kipande cha kanga kimefungwa fundo. Nikalifungua. Pakiti nne. Hazijakatwa hata pembe.

Nilikaa chini pale pale jikoni. Sikulia. Nilizipanga sakafuni moja, mbili, tatu, nne, nikazirudia kuzihesabu kama vile ya tano ingetokea ikaniambia jambo jingine. Nilikuwa nimekunywa maji na kombe. Majagi mawili ya maji, zafarani na marashi. Na kilichoniuma zaidi hata ya kipimo kuharibika, ni kwamba alijua. Alijua mimi nikisikia jagi limesomewa sitauliza tena. Alichukua kitu tulichofundishwa wote wawili kukiheshimu, akakifanya kifuniko cha uongo. Adui asingeweza, asingejua pa kunishika.

Kesho yake nikapanda Kiwangwa. Nilimkuta shambani kwake, anapalilia mistari ya mananasi, kajifunga kanga kifuani. Akaniona, akajinyoosha, akangoja. Mnaelewa alichokuwa anangoja. Tangu nimejua kusema, sijawahi kumwona dada yangu nikaacha kumpa shikamoo. Hata tukiwa tumegombana. Hata kwenye simu. Siku ile nilisimama mbele yake nikafunga mdomo.

"Hukuniamkia," alisema.

"Leo sina shikamoo."

Nikazitupa zile pakiti miguuni pake, kwenye udongo. Hakujifanya hajui. Akaziokota moja moja, akazifuta vumbi.

"Nilishindwa kuzitupa," akasema. "Nilisema labda utapona halafu nitakurudishia."

"Utanirudishia nikiwa kaburini?"

"Usiseme hivyo."

"Daktari kaniita mwongo, dada. Mimi navuja damu, na wewe umeninywesha marashi!"

Akakaa chini katikati ya mananasi yake, na ile miba yote. Akaniambia jambo ambalo katika miaka yangu hamsini na mmoja sikuwahi kulisikia.

"Mama hakufa kwa homa," akasema. "Alikufa kwa kipindupindu. Alianza asubuhi, adhuhuri kaisha. Nilikuwa naye peke yangu, baba kaenda kutafuta mtu wa kutusaidia. Nilikuwa nafuta, namgeuza, nafuta. Mwisho alikuwa anatoa maji tu. Maji matupu. Macho yakazama, ngozi ukiifinya hairudi. Wewe ulikuwa mlangoni unalilia uji. Wakubwa wakasema tuseme homa, maana nyumba ya kipindupindu watu wanaiogopa. Nikasema homa mpaka leo." Akapumua. "Wewe ukanisomea karatasi yako: mpaka yatoke maji matupu. Ungenitaka nikukorogee hiyo, mimi? Kwa mkono wangu huu?"

Sasa mnaona. Mlikuwa mmeshamkasirikia, mmelegea. Na mimi nililegea, nilimwonea huruma. Lakini, ndugu zangu, sitawaficha: hasira haikuondoka. Vyote viwili vilikaa ndani yangu kwa pamoja, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa. Kwa sababu angeniambia! Angesema, mdogo wangu, naogopa, mama alikufa hivi. Ningempeleka kwa yule muuguzi amweleze. Yeye akanichagulia. Alinichagulia kifo cha polepole ili asikumbuke kile cha haraka. Nilimwambia hivyo hivyo kwa mdomo wangu. Akajiziba masikio. Nikaondoka bila kuaga.

Nikiwa bado na moto, nikamfuata mwalimu aliyeandika kombe. Nilikwenda kwa shari, nasema kweli. Akanisikiliza, kisha akakasirika kuliko mimi. "Mimi niliambiwa ni la kusindikiza dawa," akasema. "Badala ya dawa kasema nani? Naandika makombe miaka yote hii, na kila mwezi nakwenda mwenyewe hospitali kuchukua vidonge vyangu vya presha." Akafunua mto wake akanionyesha vidonge. Nikacheka, mara ya kwanza kwa wiki mbili.

Aliyenifundisha kujiandaa sawasawa ni mama wa duka la vitambaa, jirani yangu wa Kihindi. Mume wake alipimwa kipimo hicho hicho mara mbili. Nikampigia simu yule muuguzi, nikaambiwa nichukue dawa mpya. Yule mama akanisogeza nyuma ya majora yake ya vitambaa, akasema kwa sauti ya chini, "Bibie, tia kwenye friji iwe baridi. Vuta kwa mrija, usiilambe na ulimi wote. Limao weka pembeni unuse. Na huko nyuma paka mafuta ya mgando mapema, usione haya, utanishukuru." Namshukuru mbele yenu. Ule ushauri wa mafuta, akina mama, ni elimu.

Siku ikafika. Nikakoroga mwenyewe. Nikakata kila pakiti kwa mkasi, nikatazama unga unavyoingia majini, nikakoroga mpaka maji yakawa meupe kama hayana kitu. Nikaonja. Chumvi! Sijawahi kufurahi kitu kibaya kiasi kile.

Niko bilauri ya pili, nasikia hodi. Dada. Amekuja kutoka Kiwangwa bila kuitwa, hana hata kikapu. Nikamfungulia mlango, sikumwamkia. Nikamwambia, "Jikoni usiingie. Jagi usilisogelee." Maneno ya kumwambia mtu aliyekulea! Akasema, "Sitaingia." Akakaa ukumbini, kwenye kigoda, mbele ya mlango wa choo.

Kisha ikaanza. Nilikimbia, wenzangu. Nilikimbia kwa umri wangu huu na kanga mkononi. Mara ya kwanza niko ndani nasikia sauti ya dada nje ya mlango, nyembamba kama ya mtoto.

"Uko hai?"

Nikanyamaza. Nilitaka aumie kidogo. Akaita tena, "Mdogo wangu, uko hai?" na safari hii sauti ikapasuka.

"Niko hai," nikasema.

Nikatoka, nikanywa, nikakimbia tena. "Uko hai?" "Niko hai." Ikawa hivyo jioni nzima. Mara nyingine najibu kwa ukali, mara nyingine kwa kuchoka, mara moja nilijibu "Niko hai ila sina tena makalio," nikasikia kicheko nje, halafu kicheko kikageuka kilio. Hakuondoka. Kila nilichokifanya humo ndani alikisikia, na nadhani kila mara alikuwa anamsikia mama. Na kila mara anayejibu ni mimi. Alfajiri niliporudia dawa iliyobaki, akawa bado yuko pale pale. Mara ya mwisho nilitazama, yakawa maji matupu, ya njano hafifu, kama yule muuguzi alivyosema. Nikafungua mlango nikasema, "Njoo uone." Akaja, akaona, akanishika mkono akaifinya ngozi yangu juu ya kiganja. Ikarudi. Akaifinya tena.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Sikumsamehe pale, msinielewe vibaya. Ila niliacha kutaka afe yeye.

Kipimo cha pili, yule yule binti wa mashine akasema, "Mama, leo umesafika hasa!" Nikamwambia hata ile siku ningesafika, ni hadithi ndefu. Picha zikaonyesha kila kitu. Kulikuwa na uvimbe upande wa kushoto. Wakaingiza kamera, wakachukua kipande, wakakipima, nikafanyiwa upasuaji, wakakata kipande cha utumbo wakaunga. Ilikuwa saratani, imeanza. Mnaniona nimesimama. Narudi kila baada ya miezi kuangaliwa, na mpaka leo ni salama.

Nilimuuliza daktari aliyenipasua, zile wiki nne nilizopoteza zilinidhuru? Alifikiri, akasema, "Mama, sijui. Hakuna anayeweza kukwambia." Ningependa anidanganye. Swali hilo linakaa nami, nikiwa nachagua mchele, nikiwa nimekaa tu. Dada yangu naye analo. Hatujawahi kuliongea.

Lakini daktari alisema na jingine. Aliniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikasema ninaye. Akasema na yeye apimwe, tena mapema, maana hili linaweza kutembea kwenye damu. Nilituma habari kwa mtoto wake, sikumpigia mwenyewe. Majibu yake yakaja: "Mimi siharishwi." Nikasema shauri yake. Nilisema hivyo kwa midomo, ndani nikaumia, nikashangaa kuwa bado naumia.

Wiki iliyopita akaja. Akakaa kitandani kwangu, akasema, "Siku ile nilihesabu. Mara kumi na saba. Na zote kumi na saba ulinijibu." Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba, ile ile kama yangu, na pakiti nne. Akaziweka mapajani mwangu. "Nitapimwa," akasema. "Ila ukoroge wewe."

Akina mama, huyo ndiye aliyeliharibu jagi langu. Amenikabidhi la kwake, na hakuniomba niape.

Nawashukuru waliokuja kunitazama, mkanifulia, mkanisomea dua na kuniombea kila mmoja kwa dini yake. Mwalimu namshukuru, na mama wa vitambaa, na yule muuguzi aliyepokea simu zangu zote bila kuchoka. Ninalowaachia ni hili. Damu ikionekana, usijipake mafuta miezi mitano. Ukipewa dawa ya kujisafisha, fuata karatasi ya hospitali yako, na ukiona siyo vile walivyosema, piga ile simu. Na wewe unayeuguza, ukiogopa, mwambie mgonjwa wako unaogopa. Mwambie usoni. Usimwekee woga wako kwenye jagi ukautia marashi.

Jumatano ijayo dada anaanza kunywa. Nitakata pakiti mbele ya macho yake, nitakoroga, na nitakaa kwenye kigoda kile kile nje ya mlango nimuulize mpaka anichoke.

Sijasema yamekwisha. Sijui kama yatakwisha. Lakini tangu siku ile ya shambani sijamwamkia dada yangu, na najua yumo humu ndani, amekaa nyuma, kajifunika mtandio ili msimwone. Jina sitaji, nilimwahidi.

Dada, shikamoo.

Sijasikia. Akina mama, hebu tulieni kidogo, nataka kusikia.